MAMBO YA NYUMBANI: Kinywaji cha Siku ya Kupura



Siku za mavuno ndizo hizi. Huku Singida mvua hukoma kwa kawaida mwezi wa Aprili, na tangu Mei hata Julai watu hukata masuke ya mtama na uwele, huyaanika, kisha huyapura. Kazi ya kupura si kazi ya mtu mmoja. Huitwa majirani, nao huja na fimbo zao asubuhi, na vumbi huwaingia puani na kooni mchana kutwa. Tena ndio wakati wa baridi na upepo. Jua likishatua, mtu hutafuta moto. Basi mwenye nyumba hana budi kuwapa watu wake kitu cha kunywa, mchana cha kuondoa kiu na jioni cha kuwatia joto. Desturi ya zamani ilikuwa pombe. Nyumba nyingi za Kikristo zimeiacha, nasi mwezi huu twataka kusema juu ya jambo linalofuata kuachwa kwake, maana jambo hili limekwisha kuzivunja moyo nyumba kadha wa kadha.

Sikilizeni habari ya nyumba moja ya upande wa Mgori. Majina tunayaacha. Bwana na bibi wa nyumba hiyo waliacha kupika pombe, na mwaka ule walipowaita majirani kupura uwele wao, waliweka mtungi wa maji chini ya mti, na kata juu yake. Watu wakapura, wakanywa maji, wakaenda zao. Mwaka wa pili wakaja watu watatu. Mwaka wa tatu hakuja mtu, na nafaka yao ikakaa uwanjani ikiliwa na ndege na mchwa. Yule bibi akaona uchungu, akasema, "Wametutenga kwa sababu ya imani yetu." Akaenda kwa mzee mmoja jirani, ambaye ni rika la baba yake, akamweleza neno hilo.

Mzee akamwuliza, "Mwanangu, pombe ya mama yako ilipikwa siku ngapi?"

Akajibu, "Baba, siku sita, na pengine saba."

"Na siku hizo zote sisi tulijua?"

"Mlijua, baba. Moshi mliuona, na harufu mliisikia."

"Basi tulijua kwamba twangojewa. Mimi ni mzee, pombe hainidhuru nikiikosa. Lakini maji yale mliyachota asubuhi ile ile, kana kwamba hamkujua tunakuja. Nyumbani mwangu pia mna maji."

Yule bibi hakuwa na la kujibu. Alirudi kwake akifikiri.

Ndugu wasomaji, tusimlaumu yule bibi upesi, maana wengi wetu tumefanya kama yeye. Tumedhani kwamba katika kuiacha pombe kazi yetu imekwisha, kumbe tumeondoa na heshima waliyopewa majirani, wala hatukuweka nyingine mahali pake. Heshima ile haikuwa katika ulevi. Ilikuwa katika siku zile sita za taabu, za kuloweka na kuanika na kusaga na kupika, kwa ajili ya mtu ambaye bado hajafika. Anayetaka kuacha pombe na asiwapoteze jirani zake, na apike kinywaji kingine kwa taabu ile ile.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Kule Uingereza, katika nchi za Herefordshire na Somerset zenye miti mingi ya matufaha, wenye mashamba waliwapa wafanya kazi wao pombe ya matufaha kila siku, hasa wakati wa mavuno, na pombe hiyo ilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira wao. Mtu alirudi nyumbani amekunywa fedha ambayo wanawe wangaliila. Ndipo mwaka 1887 sheria ikakataza kulipa ujira wa shamba kwa pombe. Hata hivyo desturi ya kukutanika na kunywa pamoja siku za baridi haikufa, na leo ziko nyumba nyingi, huko na Marekani pia, ambazo huchemsha maji ya matufaha yasiyo na kileo pamoja na mdalasini na karafuu, zikawapa wageni kikombe cha moto. Sisi matufaha ni ya kuletwa kutoka mbali, maana hapa petu hutamani baridi na unyevu wa milima kama ya Lushoto na Njombe. Lakini tuna ulezi, tuna ukwaju, na tuna asali. Kwa vitu hivi vitatu twaweza kufanya vinywaji viwili, kimoja cha mchana na kimoja cha jioni.

KINYWAJI CHA MCHANA: TOGWA

Togwa yajulikana katika pande nyingi za Tanzania, walakini si kila mtu aipikaye huipika vizuri. Tuseme siku ya kupura ni Jumamosi. Mwanzo wa kazi ni Jumatatu.

Jumatatu jioni, chukua ulezi kilo 1, uupepete, uuoshe mara tatu au nne mpaka maji yawe safi, kisha uuloweke usiku kucha. Alfajiri ya Jumanne mwaga maji, utandaze ulezi katika kikapu au juu ya gunia safi, unene wake usizidi vidole viwili, na ufunike kwa nguo yenye unyevu. Nyunyiza maji kidogo asubuhi na jioni, na kugeuza kwa mkono safi ili usipate moto ukaoza. Kufika Alhamisi utakuwa umetoa vijimizizi vyeupe. Uanike juani siku nzima mpaka ukauke kabisa, kisha usage. Unga huu ndio kimea.

Watu wengine hutumia kimea cha mtama. Twawashauri watumie cha ulezi. Chipukizi za mtama zina kitu ambacho hugeuka kuwa sumu, ileile inayowaua ng'ombe wakila mtama mchanga. Asiyekuwa na ulezi, akitumia mtama, na ausugue vizuri ukiisha kukauka, aondoe chipukizi na mizizi yote kwa kupepeta, ndipo ausage.

Ijumaa asubuhi, chemsha maji debe moja, yaani lita 20, na kwa unga wa mtama au mahindi kilo 2 upike uji. Uchemke nusu saa huku ukikoroga, usifanye madonge. Uepue. Sasa kigawe kimea chako mafungu mawili. Fungu la kwanza litie wakati uji ungali wa moto, kiasi cha kidole kuweza kuvumilia kitambo kidogo tu. Koroga, na baada ya robo saa utaona uji uliokuwa mzito umekuwa mwepesi kama maziwa, nao una utamu ambao hukuutia. Fungu la pili litie uji ukiisha kuwa vuguvugu, kama maji ya kumwogeshea mtoto, maana fungu hili ndilo lenye chachu, na chachu hufa katika moto. Kama unayo togwa ya zamani iliyo nzuri, ongeza vikombe vichache. Funika chungu, ukizungushie blanketi kwa sababu ya baridi ya majira haya, na ukiache mpaka kesho mchana. Jumamosi saa sita togwa itakuwa na uchachu wa kupendeza. Debe moja lavijaza vikombe 80 vya robo lita. Watu 40 watakunywa viwili viwili.

Togwa hii si maji matamu tu, bali ni chakula. Uchachu wake nao una kazi: katika miaka ya 1990 wachunguzi hapa Tanzania waliwapa watoto uji uliochachushwa hivi kila siku, wakaona ya kuwa vijidudu vya magonjwa ya tumbo vilipungua katika vinyesi vyao. Lakini mtu asiseme, "Basi nitatumia maji ya kisimani yasiyochemshwa, uchachu utayasafisha." La. Usafi ni wa kwanza, uchachu ni msaada wake.

KINYWAJI CHA JIONI: UKWAJU, ASALI NA TANGAWIZI

Kazi ikiisha, watu wakinawa na kuketi motoni, ndipo kinywaji cha pili hutolewa, nacho kitolewe cha moto. Hiki hakitaki siku nyingi, ila chataka asali nzuri, na asali ndiyo sifa ya Mgori. Msitu wa Mgori ni msitu wa miyombo, na eneo lake ni kama hekta 44,000. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilivyouzunguka vilianza kuulinda vyenyewe, vikaweka walinzi wao na sheria zao juu ya miti na moto, na ulinzi huo ukasifiwa hata nchi za mbali. Palipo na maua ya miyombo pana nyuki. Kwa hiyo unaponunua asali, mwulize mrina asali aliirina wapi na namna gani. Iliyo nzuri haina harufu ya moshi, haina vipande vya majana, wala haina povu juu yake. Asali yenye povu na harufu kali imekwisha kuanza kuchacha.

Kwa lita 10 za kinywaji yatakiwa haya: ukwaju uliomenywa maganda kilo 1, tangawizi mbichi gramu 100, yaani kadiri ya kiganja kimoja, vijiti 4 vya mdalasini, karafuu 10, asali lita 1.

Ukwaju uloweke katika lita 4 za maji ya moto kwa muda wa saa moja. Kisha uufikiche kwa mkono uliooshwa mpaka nyama itoke kwenye kokwa na nyuzi, ukachuje kwa nguo safi au chujio. Tangawizi iponde kinuni, uichemshe pamoja na mdalasini na karafuu katika lita 5 za maji kwa robo saa, ukachuje maji hayo juu ya ukwaju. Rudisha vyote motoni mpaka vichemke, epua, ungoje kidogo, ndipo utie asali. Usiichemshe asali, maana harufu ya maua hukimbia pamoja na mvuke. Onja kabla ya kugawa. Ukwaju wa miti mingine ni mkali kuliko wa mingine, basi ongeza maji au asali kwa kadiri ya ulimi wako. Usizidishe ukwaju ukidhani ni afadhali, kwa kuwa hulegeza tumbo, na wageni wako wana safari ya usiku.

Aliye na ubuyu anaweza kuutumia badala ya ukwaju, lakini asiuchemshe. Na auloweke katika maji yaliyochemshwa yakapoa kidogo, akoroge, achuje, kisha achanganye na maji ya tangawizi yakiwa vuguvugu. Unga wa ubuyu una vitamini C kuipita machungwa mara kadhaa, na moto mwingi huipunguza.

MAMBO MANNE YA KUANGALIA

La kwanza ni nafaka. Husemwa mara nyingi, "Nafaka hii imeota ukungu, haifai kwa ugali, itafaa kwa pombe." Neno hili ni baya, nalo lisihamie katika togwa. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara iliyo jirani zetu, watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu ulioota katika mahindi yao. Sumu hii haiondoki kwa kupika wala kwa kuchachusha. Nafaka yenye ukungu, au kimea kilichofanya utando wa kijani au mweusi, kitupwe mbali, wala kuku wasipewe.

La pili ni vyombo. Ukwaju na togwa ni vikali. Vikikaa katika ndoo ya bati hula ile rangi nyeupe iliyopakwa juu ya bati, na anywaye hushikwa na kutapika na kuumwa tumbo. Tumia chungu, au sufuria isiyo na kutu kwa kupikia, na mtungi au ndoo ya plastiki ya chakula kwa kuwekea. Mapipa yaliyochukua dawa za shamba yasitumiwe kamwe, hata yakioshwa mara kumi.

La tatu ni watoto wachanga. Mtoto asiyetimiza mwaka mmoja asionjeshwe asali, hata kwa ncha ya kidole, maana huweza kuwa na mbegu za ugonjwa ambao mtu mzima haumdhuru, lakini humlegeza mtoto mchanga viungo vyote hata ashindwe kupumua. Bibi na shangazi hupenda kumwonjesha mjukuu siku ya furaha. Waambiwe mapema, kwa adabu.

La nne twaliandika kwa sababu mwalimu mmoja ametuuliza, "Je, hii togwa si pombe kwa jina jingine?" Swali ni la haki, nasi twajibu bila kuficha. Uchachu wa siku ya kwanza ni ndugu wa uchachu wa maziwa mgando. Chachu yake hufanya asidi. Kileo hufanywa na chachu nyingine, ambayo hupata nguvu ikipewa siku nyingi na sukari nyingi. Kwa hiyo togwa inywewe siku ile iliyoiva au kesho yake, na anayetaka asali aitie katika kikombe chake wakati wa kunywa, asiitie mtungini ikalala. Kadhalika kinywaji cha ukwaju na asali kisilale, kwa kuwa asali iliyotiwa maji ikiachwa siku chache hugeuka, na wazee wetu walijua sana kuigeuza. Mtungi uliosahauliwa pembeni hata siku ya nne usiitwe togwa tena. Mwaminifu na aumwage, asitafute jina la kuupa.

NENO KWA WALIMU

Kimea ni somo jema darasani. Pika uji mzito, ujaze vikombe viwili. Ungali wa moto, katika kimoja tia kijiko cha kimea na kukoroga. Kingine kikoroge vivyo hivyo bila kutia kitu. Baada ya robo saa waiteni watoto wavimimine. Kimoja kitamwagika kama maji, kingine kitakwama. Kisha wafundisheni sababu yake: mbegu inapoota huamsha kitu kinachokata wanga ulio mzito na kuufanya sukari, ili mche upate kula kabla haujapata majani. Tena waambieni wapeleke habari hii nyumbani, kwa kuwa uji uliolainishwa kwa kimea huweza kutiwa unga mwingi zaidi na bado mtoto mdogo akaumeza, naye hushiba kwa tumbo lake dogo. Uji huo wa mtoto urudishwe motoni uchemke tena baada ya kutiwa kimea.

Sasa turudi kwa yule bibi wa upande wa Mgori. Mwaka uliofuata alianza kuloweka ulezi wake Jumatatu. Alipoanika kimea Alhamisi, hakukianika nyuma ya nyumba, bali uwanjani, penye njia wapitapo watu. Ijumaa alimtuma mwanawe kwa yule mzee na kwa nyumba nyingine, aseme, "Mama awasalimu. Kinywaji ki motoni." Hawakuja wote. Wengine walipita njiani wakacheka, wakisema hawapuri uwele wa mtu kwa uji. Lakini walikuja watu kumi na mmoja, na uwele ulikwisha kupurwa kabla ya jua kutua. Jioni, walipopewa vikombe vya moto, mzee alikinusa chake, akaonja, akauliza asali ile imerinwa upande gani. Akaambiwa. Akaomba kikombe cha pili.

Mwaka huu, kabla hamjaita watu kupura, hesabuni siku nyuma tangu siku ile, mwone kama mmeanza Jumatatu. Na mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema juu ya kuikausha nafaka na kuiweka ghalani hata ukungu usiipate.

Wasalaam.